Makala ya Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, maana karatasi hii aliipitia mwenyewe kwa kalamu nyekundu kabla hajatutoka, akafuta sifa zote nilizokuwa nimemwandikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa baba fundi mitambo na mama mshonaji, na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto tulimwita Shoto, jina ambalo hata wanafunzi wake walilitumia, ila si mbele yake. Alianza shule ya msingi Januari 1965, ambako mwalimu wa darasa la kwanza alijaribu kumhamishia kalamu mkono wa kulia akaambulia patupu, akamaliza sekondari mwaka 1977, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1988, na tarehe 1 Februari 1989 akaajiriwa katika maabara ya utafiti wa homa za watoto, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka 2018.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mwalimu wa hisabati, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1986, na wa kike tarehe 22 Agosti 1993, aliyekuja wiki mbili kabla ya siku zake.

Hapo ndipo dada aliagiza nisome polepole. Wakati ule wino ulifutika kwenye jokofu, hivyo mirija yenye damu ya watoto, waliopewa dozi nzima na waliopewa nusu, ilitambuliwa kwa nafasi yake kwenye trei, naye Shoto aliipanga kuanzia kulia, uchungu ukamkuta kazini, na msaidizi wake, bila kuambiwa, akasoma trei mbili kati ya tisa kuanzia kushoto, kama ambavyo yeyote kati yetu angesoma, majibu ya dozi nzima yakaandikwa kuwa ya nusu. Kutokana na vipimo hivyo ikatoka, Juni 1994, makala yake ya kumi na moja kati ya sitini na tatu, iliyosema kwamba nusu ya dozi inamtosha mtoto mwenye homa. Watafiti hupimana uzito kwa idadi ya mara wanazotajwa na wenzao, na makala hiyo ilitajwa mara 1,412, ikampa uprofesa na ile medali iliyopo sebuleni.

Mwaka 2007, makabati yalipohamishwa ili kuta zipakwe rangi, alifungua daftari la zamani, akaona kwa mwandiko wa msaidizi kwamba trei mbili zilisomwa kuanzia kushoto, akaketi sakafuni. Alirudia hesabu kwa siku tisa, kisha akaliandikia jarida akiomba makala ifutwe, na wakubwa zake walipomsihi anyamaze kwa ajili ya jina la taasisi, alikataa katakata, nayo ikafutwa tarehe 3 Machi 2008. Lakini watu waliendelea kuitaja, mara 386 zaidi, na kila asubuhi kabla ya chai aliangalia kwenye kompyuta, idadi ikipanda anamwandikia aliyeitaja, barua 341 kwa jumla, akajibiwa 58. Haikuwa aibu iliyomnyima raha, ndugu zangu, bali kutojua ni watoto wangapi walipewa nusu ya dawa.

Aliugua figo kuanzia Novemba 2022, akafariki tarehe 11 Mei 2024 saa nne asubuhi, wiki moja baada ya kumwita binti yake na kumwambia, "Mwanangu, usije ukadhani ni kwa sababu ulizaliwa. Ningeandika neno moja tu ubavuni mwa trei, yasingetokea haya."

Kijitabu mlicho nacho mikononi kimechapwa na taasisi kwa nia njema, lakini ukurasa wa tatu umeitanguliza makala hiyo katika mafanikio yake, ukijivunia kwamba imetajwa mara 1,798, bila kusema ilifutwa. Tumeliona hilo asubuhi hii na limetuumiza sana, hivyo wanawe wanapita na kalamu, nasi tunaomba kila mmoja apige mstari hapo na aandike pembeni, kwa mkono wowote, kwamba ilikuwa na kosa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotushika mkono, na wafanyakazi wenzake, hasa msaidizi wake wa zamani, aliyeketi safu ya nyuma kabisa, ambaye dada ametuagiza tumwambie mbele za watu kwamba kosa halikuwa lako, kaka, na hakuwahi kulitaja jina lako.

Shoto, mstari tumeupiga. Pumzika kwa amani.