Fanes Anakula Bila Chumvi

Kijiwe chetu hapa Gwomon, Haiti, ni benchi moja mbele ya jiko la kahawa la Man Jozet, yaani Mama Jozet. Asubuhi ya sikukuu ya wafu tulikuwa palepale. Kila mmoja alishamwaga kahawa kidogo chini kwa ajili ya marehemu wake, sasa anachovya mkate. Habari ilikuwa ileile ya majuma matatu: Fanes, mtoto wa Man Ilda. Mwaka juzi tulipigiwa simu kwamba amefia ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya miwa ya Jamhuri ya Dominika. Tukamlilia siku tisa, tukazika jeneza lenye suruali na shati lake. Halafu juzijuzi akaingia mtaani kwa miguu, amekonda, hasemi kitu. Avoka, ambaye licha ya jina hilo hajawahi kuwa wakili wa mtu yeyote, akamwambia mama mtu kwamba huyo ni zonbi, maiti aliyefufuliwa, na zonbi akionja chumvi tu anakumbuka kuwa amekufa, anarudi kaburini. Tangu siku hiyo Man Ilda akawa anampikia mwanawe bila chumvi.

– Neno lenyewe linajieleza, akasema Avoka. Zonbi ni Kifaransa. Wale mabwana walikuwa na neno lao la vivuli, les ombres, sisi tukalikatakata. Zonbi ni kivuli cha mtu.

– Acha kutupiga kamba, akasema Bos Nikola, seremala. Hilo neno ni la Kongo. Babu zetu walipakiwa melini bila hata viatu, wakaja nalo mdomoni. Kule kwao Nzambi ni Mungu.

– Kwa hiyo Fanes ni Mungu? akauliza Avoka.

– Usinilishe maneno, bwana.

– Wazee wangu, wote mmechemka, akadakia Tidjo wa pikipiki. Neno ni la Wataino, wenyeji wa kisiwa hiki kabla ya Wazungu, kabla yetu. Walichonga mizimu ya mawe, wakaiita zemi. Haya, jiwe linasema? Halisemi. Fanes anasema? Hasemi. Mnataka ushahidi gani tena?

– Na lougawou anayenyonya watoto damu? akauliza Man Jozet, akipuliza mkaa. Mnasema maana yake mtu mbwa mwitu. Mbwa mwitu amekanyaga Haiti lini?

– Walimleta Wafaransa, akasema Avoka.

– Kwa meli?

– Daraja la kwanza.

Tukacheka. Inaniuma kusema, lakini tulicheka mpaka Tidjo akamwaga kahawa yake.

Man Jozet hakucheka.

– Kijana wa watu alikuja kukaa hapa juzi. Mkainuka wote.

– Tulimpisha, mama, akasema Tidjo. Heshima tu.

Bos Nikola akajikuna kichwa.

– Mtu amwambie Man Ilda atie chumvi kidogo. Kama ni mzima, atashukuru.

– Na kama si mzima? akauliza Avoka, safari hii bila mbwembwe. Yule mama amzike mara ya pili? Mimi mzigo huo siuwezi.

Hapo ndipo Man Ilda mwenyewe alipotokea, khanga ya kichwani imefungwa ovyo. Hakusalimia. Akakaa katikati yetu, Man Jozet akampa kikombe.

– Ameondoka, akasema. Alfajiri, na lori la mkaa.

– Amerudi kaburini? Tidjo akanong'ona.

– Amerudi kwenye miwa. Ameniambia kule hata msimamizi akimtukana, anamtukana kwa jina lake.

Avoka akaweka mkate wake chini.

– Man Ilda, mimi nilidhani nakusaidia.

– Sikulaumu, kaka. Ulisema, mimi nikaamini. Nililala naye nyumba moja siku zote hizo, sikumsemesha. Niliogopa nikimwita ataamka, aniache. Sasa niambieni nyinyi mnaozungumza hapa kutwa. Nani alimwuliza yaliyompata huko?

Bos Nikola akamtazama Tidjo, Tidjo akanitazama mimi.

– Hata mmoja? akauliza Man Ilda.