Apolline Masika, Mama wa «Nani Anasema?»

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Léonie Kavira, kwa niaba ya familia.

Ndugu, majirani, marafiki, familia inawashukuru kwa kufika, na hasa ninyi mliotazama nyuma yenu kabla ya kuingia. Tunaomba simu zibaki mifukoni. Asipigwe picha mtu yeyote.

Apolline Masika alizaliwa Butembo tarehe 3 Juni 1981. Alikuwa binti wa kwanza wa marehemu Papa Hilaire Kamate, aliyesafirisha maharage na vitunguu hadi Goma, na Mama Marcelline. Papa Hilaire alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na saa ya habari watoto walikatazwa hata kukohoa. Masika alipokuwa na miaka saba alivunja amri hiyo. «Papa, mu hii redio hakunaka bamama?» Baba yake alicheka, akamjibu: «Bamama bako ku soko.» Mtoto akasema: «Basi bapeleke redio ku soko.» Papa Hilaire aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni hadi alipofariki mwaka 2011.

Alisoma shule ya msingi Butembo. Mwaka 1995 familia ilihamia Goma, akaendelea na sekondari katika fani ya ualimu, akapata diploma ya serikali mwaka 2000. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoifunika nyumba yao, alikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya mawasiliano. Alitoka na mdogo wake mgongoni na madaftari kichwani. Vitu vingine vyote viliungua. Walikaa miezi minne kwa shangazi yao Rutshuru, kisha akarudi darasani. Alimaliza mwaka 2005.

Mwaka huohuo aliajiriwa na redio ndogo ya mtaa hapa Goma. Walimpa salamu za wasikilizaji na mapishi. Alizisoma salamu hizo kwa miaka tisa, na pembeni aliweka daftari ambamo alipiga mstari mmoja kwa kila mtu aliyesikika katika habari: wanaume upande huu, wanawake upande ule. Wiki moja ya mwaka 2014, katika habari ambazo karibu zote zilihusu wakimbizi wanawake, alihesabu sauti arobaini na tatu. Za wanawake zilikuwa mbili, na wote wawili walikuwa wanalia. Alimpelekea mkurugenzi daftari lile, akamwambia: «Mwanamke tunamupa mikro siku analia tu. Siku anafikiri, tunamupa mwanaume.» Mkurugenzi alimpa nusu saa kila Jumamosi mchana, na ndipo kilipoanza kipindi «Nani Anasema?».

Wengi wenu mnakumbuka siku alipomwalika Gradi, mwimbaji kijana ambaye wimbo wake ulichezwa katika kila harusi, ule wa mwanaume anayebadilisha wanawake kama mashati. Gradi alikuja na mama yake. Masika hakumgombeza. Alimwomba tu asome maneno ya wimbo polepole, bila gitaa. Kijana alisoma mistari miwili, kisha akamtazama mama yake. «Mama Masika, bila muziki haya maneno ni mabaya,» akasema. Walicheka wote watatu, na Gradi akawa rafiki wa nyumba.

Wakati wa kampeni za mwaka 2023 wagombea waligawa vitenge vyenye sura zao. Masika alisoma hewani orodha nzima ya wagombea wa chama kimoja baada ya kingine, akauliza: «Sura zao tunazibeba mgongoni. Majina yetu yako wapi?» Jioni ile alipokea simu ya kwanza. Sauti ilitaja jina la shule ya watoto wake, ikakata.

Alifunga ndoa na Mwalimu Ézéchiel Nzabonimpa, mzaliwa wa Masisi, Jumamosi tarehe 12 Agosti 2006. Pande zote mbili walikuwepo walionung'unika kwamba wawili hao wametoka jamii zilizo mbali mno. Baba mdogo wa bwana harusi aliuliza mbele ya watu: «Huyu bibi anasemaka sana ku redio. Ku nyumba atanyamaza?» Ézéchiel akajibu: «Muzee, akinyamaza nitajua ni mugonjwa.» Mungu aliwajalia watoto watatu, na katika nyumba hiyo baba alipika kila Jumamosi, kipindi kikiwa hewani.

Kuna watu wanaotupenda ambao walituomba tusisome aya zinazofuata. Tumekaa, tumeziombea, tumeziacha zilipo.

Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, redio ilifungwa wiki tatu. Ilipofunguliwa, iliambiwa ipige muziki. Masika alikwenda nyumbani, akaanza kurekodi «Nani Anasema?» kwa simu, chini ya blanketi, na kukituma kwa wanawake, nao wakatumiana. Watu wamemwita shujaa asiyeogopa. Familia inaomba jambo hilo lisisemwe juu yake, kwa sababu si kweli. Aliogopa kila siku. Alihamisha kitanda mbali na dirisha. Alibadilisha laini ya simu mara nne. Pikipiki ikisimama nje, aliacha sentensi katikati na kuhesabu hatua mpaka zipite. Mdogo wake alimsihi dada yake: «Yaya, acha. Una watoto.» Alijibu: «Zile wiki tatu nilinyamaza, Léonie. Niliogopa vilevile. Basi heri niogope nikiwa nasema.»

Alikuwa na tatizo la shinikizo la damu tangu 2019, na mwaka huu lilizidi. Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa nane mchana, wanaume wawili walibisha hodi wakimwuliza «mama wa redio». Hatujui walitumwa na nani. Binti yake Bénita, mwenye miaka kumi na sita, aliwafungulia. «Mama haiko. Alienda Butembo.» Mmoja akasema: «Hakuna shida. Tutamungojea.» Wakaketi. Bénita aliwapa maji, kama alivyofundishwa kuwapa wageni wote. Masika alikuwa hatua tano kutoka kwao, nyuma ya pazia la stoo, amesimama kati ya magunia ya makaa, mkono mdomoni. Walikaa saa nzima. Waliuliza habari za shule, wakatazama picha ukutani, wakaaga kwa heshima. Bénita alipovuta pazia, mama yake alikuwa bado amesimama, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekufa na mdomo umeenda upande.

Alilazwa siku nane. Hakusema tena. Mtoto alilia kitandani kwake akijilaumu: kama asingewapa maji wangeondoka mapema. Masika aliomba kalamu kwa ishara. Kwa mkono wa kulia, kwa herufi zilizopinda, aliandika: «Ulifungua mlango ukiwa unaogopa, na ukasema. Mimi nilisikia.» Karatasi hiyo anayo Bénita. Masika alifariki Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa amemshika miguu kwa sababu aliandika kwamba ina baridi. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Ameacha mama yake, Mama Marcelline. Mume wake, Mwalimu Ézéchiel. Watoto wake Bénita, Josias na Émile. Wadogo zake Léonie na Gentil. Na shangazi yake wa Rutshuru, ambaye barabara haikumruhusu kufika.

Ameacha pia wasichana kumi na mmoja aliowafundisha kuuliza maswali na kushika mikro. Baadhi yao wako hapa, kati yenu. Majina yao hatuyasomi.

Jumamosi iliyopita, siku moja baada ya kifo chake, kipindi kilitumwa kama kawaida.

Mungu ampokee Apolline Masika, ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.