Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Klachi

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, wanafunzi wa zamani wa marehemu, na ninyi mliokuwa mnapita njia mkaona turubai mkaingia, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, awasomee maisha ya dada yake, na kabla hajaanza, familia inamwomba radhi yeyote aliyekuja kusikia kwamba marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mwenye tabasamu kwa kila mtu, kwa kuwa huyo amekosea msiba. Tunajua desturi ilivyo, mtu akishafumba macho hana baya tena, hata mwizi wa kuku anageuka mfadhili wa mtaa, lakini marehemu mwenyewe alisema mara nyingi, kila akitoka kwenye mazishi ya watu, kwamba siku yake ikifika asipakwe mafuta kwa mgongo wa chupa, na familia haina ubavu wa kumbishia hata sasa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Klachi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na gereji ya pikipiki, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mfua nguo, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule alilia kila gereji ilipofungwa na kunyamaza kila ilipofunguliwa, jambo ambalo msomaji anaona limetiwa chumvi, ila analisoma kama alivyoagizwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kumaliza mwaka 1972, hakupendwa sana na walimu wake, wala yeye hakuwapenda, kwa sababu tangu utoto hakuwa na subira na mtu anayefundisha jambo asilolijua, na walimu wa namna hiyo hawakuwa haba.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika gereji ile ile ya jirani, kazi yake ikiwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, huku fundi mkuu akimwambia kila siku kwamba mwanamke hawezi pikipiki ya gia, eti mkono wake wa kushoto hauna nguvu za kubana klachi, naye akaendelea kuosha vipuri na kutazama, mpaka mchana mmoja fundi mkuu alipoenda kula, ndipo akapanda pikipiki ya mteja, akazunguka mtaa mzima akibadilisha gia zote, akairudisha mahali pake bila kuizima hata mara moja. Fundi mkuu alimfukuza kazi palepale, na kesho yake akamfuata nyumbani kumrudisha, maana hakuna mwingine pale aliyejua kipi ni kipi kati ya vyuma vilivyokuwa vimemwagwa sakafuni.

Mwaka 1983 alifungua shule yake ya kufundisha pikipiki, katika uwanja ulio nyuma ya ghala la mbao, na wengi mliokaa hapa mlipita katika mikono yake, kwa maana halisi kabisa, kwa sababu ufundishaji wake ulikuwa wa aina moja tu, alimketisha mwanafunzi mbele, yeye akakaa nyuma, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa kushoto wa mwanafunzi, wakabana klachi pamoja na kuiachia pamoja, polepole, mpaka siku ambayo mwanafunzi angegundua kwamba mkono wa mwalimu haupo tena juu ya wake na pikipiki inaendelea. Katika muda huo wote aliwatukana, hilo mnalijua, na kuna baba mzima hapa, mwenye duka la vipuri, aliyeambiwa kwamba anaachia klachi kama mtu aliyeshika sufuria la moto, akalia mbele ya mkewe.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na fundi redio, ambaye leo ni mgane na ameketi hapa mbele, na familia ingependa kusema walikutana kwa njia ya kupendeza, lakini ukweli ni kwamba shemeji yetu alikuja kujifunza pikipiki, akaizima uwanja mzima, wiki baada ya wiki, mpaka mwalimu akamwambia kwamba katika maisha yake hataendesha pikipiki na kwamba itabidi atafute mtu wa kumpakia, na baada ya kutafakari, akajitolea kumpakia yeye mwenyewe. Alimpakia kwa miaka thelathini na zaidi, na shemeji hajawahi kulalamika, ingawa msomaji haamini kwamba aliwahi kupewa nafasi ya kufanya hivyo.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1989, akafundishwa gia na mama yake mara tu miguu yake ilipofika chini, na kwa ulimi wa marehemu, ambao haukuwa mwepesi wa sifa, huyo ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kuachia klachi kama inavyopasa. Mama alimtarajia aurithi ule uwanja, lakini binti akachagua ususi, kazi ya kuzunguka nyumba za wateja na sanduku la mafuta na nywele, na mama akalimeza hilo kwa shida, akisema angalau ataenda huko kwa pikipiki ya maana.

Hapa inabidi msomaji aeleze, kwa ajili ya vijana, marehemu alizionaje zile pikipiki za otomatiki, ambazo zilianza kujaa mitaani kama nzi, zile ambazo mtu anawasha, anazungusha mkono wa kulia, basi, amekwenda. Marehemu alisema mwenye gia anaendesha na asiye na gia anabebwa, alisema kwenye mteremko gia inakushikia chombo wakati otomatiki inakuachia wewe na breki zako na dua zako, alisema betri ikifa pikipiki ya gia unaisukuma hatua chache inawaka, na skuta unaisukuma mpaka nyumbani, na kwamba mtu asiyejua injini yake inaomba nini hastahili kukaa juu yake. Dharau hiyo haikuishia kwenye pikipiki, kwa kuwa msomaji huyu huyu aliponunua cherehani cha umeme mwaka 2009, akaacha kile cha kukanyaga, dada yake alimwita abiria wa cherehani mbele ya wateja, na jina hilo analo mpaka leo.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa Machi 2017, binti alikuja nyumbani akiwa juu ya skuta ya otomatiki, akaeleza kwa heshima zote kwamba baada ya kusuka kutwa vidole vyake vinavimba, kwamba kubana na kuachia klachi kwenye foleni jioni kunamtoa machozi, na kwamba sanduku lake linakaa vizuri pale mbele ya miguu. Mama yake aliizunguka ile skuta, akaiangalia juu na chini, akauliza kama imenunuliwa pamoja na chupa ya maziwa, kisha akasema chombo cha namna hiyo hakiingii katika ua wake, kikae nje ya geti, karibu na pipa la taka. Kikakaa huko. Binti naye, kwa sababu mtoto wa nyoka ni nyoka, akasema panapolala skuta yake ndipo atakaposimama na yeye, na kuanzia siku hiyo aliishia getini, akileta dawa na matunda na kumkabidhi baba yake, huku mama akikaa ndani akijifanya anasafisha kabureta iliyokuwa safi tangu juzi. Ilikwenda hivyo kwa miaka minne, watu wawili waliopendana kuliko wote katika nyumba ile, wakitenganishwa na geti la bati, na sisi wengine tukatia maji mdomoni kwa woga, jambo ambalo si la kujivunia.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2014, akakidharau kama alivyodharau kila kitu kilichokuja bila gia, na mwanzoni mwa mwaka 2021 alijikwaruza mguu wa kushoto kwenye pedali ya gia, akadharau na kidonda chenyewe, na wahenga walishasema mdharau mwiba mguu huota tende, kwake haikuwa tende tu, tarehe 20 Aprili mwaka huo madaktari waliukata mguu ule chini ya goti. Sasa wote mnaojua pikipiki mnajua gia inapigwa kwa mguu upi, na marehemu alilijua hilo kabla hata dawa ya usingizi haijamtoka, kwa sababu aliponyanyua kichwa hakuulizia maumivu wala mume, aliuliza nani sasa atambadilishia gia, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo mdogo wake alimwona akilia.

Alipewa mguu wa bandia, akakaa barazani miezi mingi akiitazama pikipiki yake ya zamani iliyofunikwa kwa shuka, akakonda, akaacha hata kutukana, na tukajua kwamba asipopanda kitu chenye magurudumu mawili hataifikia Krismasi. Msitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia methali hiyo, mpaka shemeji yetu, yule asiyejua kuachia klachi, alipofungua geti asubuhi moja, akamwita binti yake aliyekuwa amesimama penye pipa la taka, na kumwambia mkewe kwamba leo ama atapanda ile skuta ama yeye atajifunza gia upya na kumpakia. Marehemu alipima hatari zote mbili, akachagua skuta.

Walikwenda uwanjani nyuma ya ghala la mbao, na habari ilikuwa imeshawatangulia, kwa hiyo wanafunzi wa zamani walikuwa wamejipanga kama kwenye harusi, wakiwa na sura za watu waliokuja kutoa pole, uongo mtupu, walikuja kuona. Binti alimweleza mama yake kwamba chombo hiki hakina klachi, kwamba kile kilichokaa upande wa kushoto ni breki ya nyuma, asikibane ghafla akiwa kwenye mwendo, na mama akamjibu kwamba yeye alifundisha breki kabla huyo binti hajaota meno. Akaondoka vizuri, mgongo umenyooka, akalifikia lile rundo la mbao ambako kwa miaka karibu arobaini alikuwa akishusha gia kabla ya kukata kona, na mkono wake wa kushoto, ambao haukuwa umesikia maelezo ya mtu, ukabana klachi yote kama ulivyozoea, tairi la nyuma likafunga, skuta ikaserereka, na Mwalimu Klachi akalala chali kwenye unga wa mbao.

Watu walicheka, na mwenye duka la vipuri alicheka kuliko wote, yuko pale karibu na nguzo ya turubai, amevaa nyeusi, tunamwona. Binti hakucheka, alikwenda mbio akapiga magoti, na mama yake, akiwa bado chini, akitazama mbingu, alisema kwamba angalau breki inashika, na hayo ndiyo maneno mema ya kwanza aliyowahi kuyasema juu ya pikipiki isiyo na gia.

Akainuliwa, akapanda tena, safari hii binti akapanda nyuma yake, akanyoosha mkono wake wa kushoto wenye vidole vilivyovimba, akauweka juu ya mkono wa kushoto wa mama yake ili usibane, na wakauzunguka uwanja ule namna hiyo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka wachekaji wakachoka wakaenda zao, na hatukuambiwa ni katika mzunguko upi binti aliuondoa mkono wake. Waliporudi nyumbani, binti aliielekeza skuta kwenye pipa la taka kama kawaida, na mama akamuuliza, kwa ukali ule ule, kama ana akili timamu, mtu anaachaje kwenye uchafu chombo kilichombeba mama yake, na geti likafunguliwa. Kuomba msamaha hakuomba, hakuwa anajua, lakini tangu siku hiyo binti alikula chakula cha jioni ndani.

Kwa miaka miwili iliyofuata aliiendesha ile skuta kwenda kliniki na sokoni, akiilaani kila kona, mkanda wake, plastiki yake, sauti yake ya mbu, na hakuruhusu mtu mwingine aioshe.

Mwezi Septemba 2023 figo zilianza kushindwa, akalazwa, na alasiri ya tarehe 2 Novemba, sauti ikiwa imeshapotea, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifunga na kufunguka juu ya shuka, wauguzi wakadhani ni maumivu, lakini binti aliuelewa, akauweka wake juu, wakabana pamoja, kisha mama akaanza kuachia, polepole, bila kushtua, kama inavyopasa, mpaka binti akagundua kwamba anashika peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, kwani si wote walioitwa majina walistahili, inawashukuru majirani kwa maji, viti na usiku waliokesha nasi, inawashukuru wenye ghala la mbao kwa uwanja, na wanafunzi wake wote, hata waliocheka. Na yule aliyemnong'oneza shemeji jana, kuulizia bei ya skuta wakati mwili haujafika nyumbani, ajue kwamba pikipiki zote mbili ziko chini ya paa moja, ya gia na isiyo na gia, na hakuna inayouzwa.

Umefika, dada, hapa hakuna mteremko, weka gia huru, achia mkono, upumzike kwa amani.