Mtandio wa Mama Salma

Bwana asifiwe, wapendwa. Na ninyi wa nyuma mnaonong'ona, "Leo Bhoke atasema nini," Bwana asifiwe na kwenu.

Mnanijua. Mimi ni Bhoke wa Turwa, napika ugali na nyama machimboni tangu ile rashi ya dhahabu ilipoanza, watu wakaja kutoka kila mkoa wakachimba mpaka mashamba ya mihogo. Ndugu zangu, kule mama lishe hapimwi kwa chumvi. Anapimwa kwa sura. Mchimbaji akitoka shimoni na hela yake anatafuta banda la mama mweupe, hata kama ugali wa huyo mama una unga mbichi katikati. Mimi ni mweusi, Mungu hakunibania rangi aliponiumba. Banda langu likawa na nzi wengi kuliko watu. Nina watoto, na baba yao alifuata dhahabu Geita akasahau njia ya kurudi. Basi nikanunua mkorogo, ile krimu ya kuchubua ngozi iwe nyeupe.

Mwanzoni niling'aa. Vijana wakagombea benchi langu. Kumbe mwenzenu najitengenezea ngozi laini ya mtoto mchanga halafu naipeleka kwenye moshi na jua la mchana! Uso ukaungua. Ukababuka mashavuni, ukatoa maji, ukawa mabaka mabaka. Kijana mmoja aliacha sahani yangu imejaa, akamwambia mwenzake, "Mura, twende kwingine, hapa sili." Nikazima moto, nikajifungia ndani. Watoto wakalala na uji tu, halafu uji nao ukaisha. Nitasema wazi, niliomba nife.

Ndipo Mungu akabisha hodi, na alibisha kwa mkono wa Mama Salma.

Mama Salma ni jirani yangu wa banda, Mwislamu kutoka Kondoa, muuza maandazi, anayejifunika uso yakabaki macho. Wachimbaji walimwita ninja. Walibishana chini ya ile nikabu kuna nini, huyu anasema kuna malaika, yule anasema kuna kovu la moto. Yeye akauza maandazi. Na yaliisha kila asubuhi kwa sababu yalikuwa maandazi mazuri. Nililiona hilo siku zote nisilielewe.

Aliingia, akafunga mlango, akafunua uso. Siwafichi, hata katika msiba wangu nilitaka kujua nani ameshinda ule ubishi. Ulikuwa uso tu. Uso wa mama wa makamo, umechoka, una jasho, na pengo mbele. Akautazama wangu bila kukunja pua. Akaniosha kwa maji ya uvuguvugu, akautupa mkorogo chooni, akanishika mkono mpaka zahanati. Tuliporudi akanipa mtandio wake wa kahawia. "Bhoke mdogo wangu, jua lisikuguse. Jifunike ukapike. Mwenye njaa atakula."

Nikajifunika. Siku za kwanza alimwachia binti yake maandazi, akakaa nami jikoni nisikimbie. Watu wakaja, mmoja mmoja. Mzee fulani akalamba vidole akasema, "Mama, huu mchuzi umekolea." Hakuna aliyeniambia nimependeza, na sikupungukiwa kitu. Wapendwa, nilipumua. Watoto wangu wakala wakashiba.

Hapa kanisani mlisema nimesilimu. Mama mmoja alihama benchi langu. Leo yupo humu, nampenda, asitoke. Sikusilimu. Mama Salma hakuwahi kuniambia nibadili dini. Saa ya swala namwangalizia karai lake la mafuta, na Jumapili ananiangalizia sufuria. Yeye anajifunika kwa ajili ya Mungu wake. Mimi nilijipaka krimu kwa kuogopa macho ya watu. Nimekaa karibu naye nikaiona tofauti hiyo, na namheshimu kuliko ninavyoweza kusema.

Uso umepona, ila si wote. Hili doa mnaloliona hapa halitatoka, daktari alishaniambia. Nilimrudishia mtandio wake, akaukataa. Akasema, "Kaa nao. Hutakuwa wa mwisho."

Sasa ninyi mabinti, nawaona. Harufu ya mkorogo naijua hata ukipakwa mafuta ya gharama juu yake, na asubuhi hii nimeinusa humu ndani. Simtaji mtu. Namshukuru Mungu aliyeniumba na rangi hii bila kukosea, na aliyenitumia mtu nilipokuwa nimelala chini. Namshukuru na Mama Salma, ambaye saa hii yuko bandani anageuza maharage yangu ili mimi nisimame mbele yenu. Mtumaini Bwana, binti yangu, hajakuchoka. Baada ya ibada nitakaa pale nje, upande wa kivulini. Njoo tu, usinieleze kitu. Mtandio uko humu kwenye mkoba, nimeufua.