Mzee Stimu, Aliyemfelisha Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Stimu, mwalimu wa ufundi wa umeme kwa miaka thelathini na minane. Amezikwa Jumanne. Kwa kawaida hapa tunamsifu marehemu mpaka majirani zake wanajiuliza ni nani huyo anayesemwa. Leo hapana. Familia yenyewe imetuomba tusiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, nasi hatukuhitaji kubembelezwa, maana mtangazaji wenu naye alipita darasani kwake na hana hamu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Umeme aliuita stimu, kama walivyouita babu zetu. Balbu aliiita globu. Jenereta, dinamo. Hata redio hii unayoisikiliza, kwake ilikuwa simu ya upepo, na ole wako ucheke. Maneno ya kale ya umeme aliyakusanya kwenye kadi, neno moja kadi moja, akazipanga ndani ya maboksi ya viatu. Maboksi saba. Humo mlikuwa na umeme wa kioo na umeme wa utomvu, kwa sababu umeme mmoja wataalamu wa zamani waliupata kwa kusugua kioo, mwingine kwa kusugua utomvu mkavu. Leo tunasema chanya na hasi. Mlikuwa na majimaji ya umeme pia, kwa kuwa enzi hizo wapo walioamini umeme ni kitu cha kumiminika.

Kazi nzuri? Nzuri sana. Tatizo mwenyewe. Maneno mapya aliyachukia, na walioyatumia aliwachukia zaidi. Dada yake, yaani shangazi wa familia, alituambia huku akikunja nguo sebuleni: "Kaka yangu alipenda maneno kuliko watu. Maneno hayamjibu mtu."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka saba, wakabaki wawili. Binti alipokua aliingia chuo hichohicho, darasa hilohilo la baba yake. Chuoni alimwita mwalimu, nyumbani baba, na kote kuwili alikuwa anasemwa.

Ukaja mtihani wa mwisho. Swali la sita liliuliza ni kifaa gani kinachohifadhi chaji, na kinafanyaje kazi. Binti akaandika kapasita, kama kitabu cha mtaala kilivyoandika. Akaeleza, akachora na mchoro. Mzee alitaka kondensa, jina la kale la kifaa hichohicho. Akampa sifuri, na binti akafeli mtihani kwa alama nne. Sikilizeni vizuri, wapendwa. Darasa karibu zima liliandika kapasita. Aliyepewa sifuri ni mmoja. Ni binti yake.

Kiwanda cha transfoma kilikuwa kimeshamwekea nafasi. Ikaenda kwa mwingine. Alipomfuata baba yake jikoni kumuuliza, mzee hakuinua hata macho kwenye sahani. "Kwangu hakuna upendeleo," akasema.

Binti akafunga begi, akaondoka. Miaka kumi na moja hawakusemezana. Alikodi kibanda nyuma ya duka la mbao, akawa anasuka upya nyaya za mota zilizoungua, vidole vimegandiana kwa vanishi. Na swali moja halikumtoka kichwani: nilikosea, au sikukosea? Maana baba alikuwa mjuzi, hilo hakuna aliyebisha. Angekuwa mjinga, binti angeshasahau zamani.

Mwaka huu macho ya mzee yakazima kabisa. Akamtuma shangazi amwite binti. Binti akaja akijua anaitwa kuombwa radhi. Akakuta boksi la kwanza liko mezani.

"Nisomee," mzee akamwambia. "Kuna kadi zina makosa, na mimi sioni." Hata hujambo hakumpa.

Akasoma. Wiki tatu, kila alasiri akitoka kazini. Robo saa haikupita bila kuparurana. "Polepole, hilo si gazeti." "Basi soma mwenyewe, baba." Shangazi alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni.

Kadi ya mwisho ilipokwisha, binti akafunika boksi. "Baba, lile swali la sita nilikosea?"

"Hukukosea. Ulijibu kuliko wote. Nilijua wakati naandika sifuri."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Lile neno lilikuwa limeshawaingia wote. Nilitaka mmoja wa kuwatia wengine adabu. Wenzako wangekuja na baba zao, nianze kujieleza mbele ya mkuu wa chuo. Wewe ungekuja na nani?"

Binti akachukua mkoba wake, akatoka. Hakurudi tena. Siku ya nne shangazi akampigia kumwambia mzee amefariki. Mazishini alisimama nyuma kabisa, na udongo hakutupa.

Tunampa pole shangazi. Tunampa pole binti, na pole yake ni ya miaka kumi na moja. Na wewe mzazi, wewe mwalimu unayetusikiliza, kama yuko mtoto uliyemwonea kwa sababu ulijua hana wa kumtetea, wewe ungali hai. Mtafute leo, na umwambie mbele ya watu.

Tulimuuliza binti angependa tuseme nini hewani. "Semeni nilijibu sawa," akatuambia. "Sijawahi kumsikia mtu akilitamka hadharani."

Basi tunatangaza: alijibu sawa. Tunarudia, kwa waliochelewa kufungua redio. Binti wa Mzee Stimu alijibu sawa.