Torkild Nørskov, Aliyetaka Baba Afike Mapema

Kaka yangu Torkild alizaliwa tarehe 14 Machi 1965 hapa kijijini Vestervad, mtoto wa kwanza wa mzee Aksel, mchimba makaburi wa kanisa hili, na marehemu mama Ellen. Mimi, Inger, nilimfuata. Utotoni alikuwa akizika shomoro nyuma ya banda la majembe, na mfiwa nilikuwa mimi. Nikicheka alinikemea, "We Inger, lia basi, mwenzio amekufa."

Alisoma shule ya hapa, na mwaka 1986 akaingia chuo cha filamu Kopenhagen. Sisi watu wa misheni, waumini wa msimamo mkali, tulihesabu maigizo kuwa dhambi, lakini baba alimsindikiza mwenyewe stesheni, akambebea sanduku.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na Lisbet mjini Ribe. Mungu akawajalia Asta na Villads.

Kazi yake ilikuwa kuchukua tamthilia za kale za misiba, zile za wafalme, na kuzifanya filamu za watu wa leo. Mwaka 2013 alikuja kurekodi moja hapa. Mfalme akawa mwenye kiwanda cha samaki, aliyemfukuza mwanawe; katika tamthilia ya kale anakuja kumsamehe kaburi likiwa limeshafukiwa. Torkild aliomba kurekodi mazishi ya huyo mwana kwenye makaburi yetu. Baba alikataa, akasema udongo wa Mungu hautupwi juu ya jeneza tupu. Torkild akamjibu, "Basi baba, ngoja nife nikuletee lililojaa." Watu walicheka. Baba hakucheka, wala hakusema naye tena miaka kumi.

Ikarekodiwa shambani kwa jirani. Mwisho wake Torkild aliubadilisha: mzee anafika kaburi likiwa wazi. Wasomi walimsema sana kwamba ameharibu tamthilia. Mimi aliniambia, "Inger, tumekulia makaburini. Waliochelewa tumewaona. Huyu mmoja wamwache afike."

Februari mwaka huu alikutwa na saratani ya kongosho. Kila nikienda hospitalini aliuliza kama baba amesema lolote. Tarehe 3 Oktoba asubuhi nilimpigia baba simu: "Njoo sasa hivi." Akakubali. Lakini alikuwa bustanini, na kwetu mtu haendi kuombana radhi na nguo za kazi. Akaoga, akanyoa ndevu, akavaa suti nyeusi ya kanisani, akapiga viatu rangi. Torkild alikata roho saa nne na nusu, macho mlangoni. Haukupita muda baba akaingia, kofia mkononi.

"Nilikuwa navaa," aliniambia.

Ameacha baba, mjane wake Lisbet, watoto wawili, na mimi. Baba amesema leo atakuja na nguo zake za kazi. Tafadhali asitazamwe vibaya. Na kaburi lisifukiwe kabla hajatupa udongo wake.

Bwana ampokee Torkild, ampe pumziko lenye amani.