Kodi ya Lori

Benchi la nje kwa Kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na upande huo huachiwa mtu mpya. Fundi majokofu aliyehamishiwa tawi la hapa alikuwa bado anakaa hapo, ndiyo maana walimwita Mgeni. Jioni hiyo walikuwa wakinywa kahawa. Mkewe alisubiri simu: aje na watoto kwa lori la pili la kampuni, au wabaki kule alikohama? Mgeni alishaamua wabaki, na roho ilimuuma.

— Wamenikata kodi ya lori, alisema.

— Kodi? alishangaa Spana, fundi magari. Kwani ulilipanga, ukalala humo?

— Siyo ya pango, kaka. Ya serikali. Kampuni ililipia lori lililoleta vyombo vyangu. Mhasibu anasema hapo ni kama nimelipwa mimi, kwa hiyo nikatwe kodi. Kwenye karatasi mshahara umenona, mfukoni umekonda.

Kinyozi akatoa kichwa mlangoni, kitana mkononi.

— Yaani ulilipwa lori?

— Na sikushika hata senti.

— Basi yule dereva alikuwa mfanyakazi wako! Spana akadakia. Na geti la mwenye nyumba wako aliloligonga, bosi, utalitengeneza lini?

— Mimi mama mkwe aliletwa kwa nauli ya shemeji, Kinyozi alisema. Wakijua, si watamhesabu mapato?

— Yule? Labda hasara, alisema Spana.

— Kazini ukipewa kiti, kalia nusu. Ukijiachia tu, wanakata!

Wakacheka, na Mgeni naye akacheka. Alishawapenda watu hawa, na hilo ndilo lililozidi kumuumiza.

— Lori la pili likija, watakata tena, alisema. Bora wabaki hukohuko.

Mama mwenye nyumba akatokea, ufagio mkononi.

— Shikamoo, mama, Mgeni alisalimia.

— Marahaba, mwanangu. Chumba cha watoto nimeshakifagia. Hivi wanalala pamoja, au kila mtu na kitanda chake?

Kinyozi akachunguza kitana. Spana akachungulia kikombe kilichokwisha kahawa. Mgeni alipowaacha kule, mtoto mdogo alikuwa bado analala na mama yake. Sasa je? Hakujua. Ilimchoma kuliko makato yote. Akatoa simu, akapiga.

— Mke wangu, fungasha. Lori linakuja. Eti, mdogo siku hizi analala wapi?

Spana akanong'ona:

— Na kodi je?

Mama mwenye nyumba akamgeukia kwa ukali.

— Kodi gani tena? Ameshanilipa!